Simu Sita za Kondele

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mwaka 2004, ina Jedwali la Tano linaloorodhesha vitu vinavyosamehewa ushuru. Ukilipitia harakaharaka utaona ni mambo ya wakubwa: marais, mabalozi, majeshi, mashirika ya misaada. Hata madereva wa mashindano ya magari wamo, na tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa vita kuu. Lakini katikati ya orodha hiyo kuna aya fupi ya vitu vya marehemu. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba vitu binafsi vilivyotumika, ambavyo si vya kuuzwa, vilivyokuwa mali ya mtu aliyefariki na sasa vimerithiwa na yule anayeletewa, vinaingia bila ushuru, kwa mipaka ambayo Kamishna ataona inafaa. Nimeisoma aya hiyo mara nyingi kuliko kitu chochote nilichosoma chuoni, na chuoni nilisoma uhasibu miaka mitatu.

Niliisoma kwa sababu ya kaka yangu. Alikuwa fundi simu Kondele, Kisumu. Alifariki Desemba 2023 kwa ugonjwa ambao haukumaliza wiki mbili, tukamzika nyumbani Mugango, juu kidogo ya ziwa, upande ambao upepo wa jioni unaleta harufu ya dagaa walioanikwa. Mwili ulivuka mpaka na makaratasi yake. Vitu vyake vilibaki Kisumu: chumba kimoja cha kupanga, na kibanda cha kazi chenye upana wa mlango. Februari mwenye nyumba akapiga simu kusema kodi inasoma na yeye ana mpangaji mwingine. Familia ikakaa, ikaamua twende watu wawili, mimi na baba mdogo. Mimi kwa sababu najua makaratasi, baba mdogo kwa sababu binti haendi peke yake kuchukua vitu vya marehemu. Hivyo ndivyo kikao kilivyosema. Kusema kweli nilishukuru.

Usiku kabla ya kuondoka nilikaa na simu yangu kusoma masharti. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka na begi lenye nyaya hawezi kujua jinsi neno moja linavyoweza kubeba mzigo. Neno lenyewe ni “binafsi”. Msafiri anaruhusiwa kuingia na mizigo yake bila kulipa kitu kama mizigo hiyo ni mali yake, ameongozana nayo, ni kwa matumizi yake au ya nyumbani kwake, na ni ya aina na kiasi ambacho afisa aliye mbele yake ataridhika nacho. Mgeni wa muda usiozidi miezi mitatu anaweza kuingia na kamera na kompyuta yake mradi aondoke nazo. Pombe kali lita moja, mvinyo lita mbili, tumbaku gramu 250. Halafu kuna kiwango cha thamani, ambacho wakati ule kilikuwa kimewachafua Wakenya vibaya. Novemba 2023 mamlaka yao ya mapato ilitoa tangazo kuwakumbusha wasafiri kwamba vitu vya thamani ya dola 500 au zaidi, viwe vipya au vilivyotumika, vitatozwa kodi. Watu wakapiga hesabu: simu moja ya bei na laptopu moja tayari umevuka dola 500, na hapo hujafungua begi la nguo. Kelele zilizopigwa mitandaoni zilinifikia hadi Mugango, mahali ambapo intaneti inategemea umesimama wapi.

Mimi sikuwa na shida na zile dola 500. Shida yangu ilikuwa “binafsi”. Huku kwetu simu ni binafsi kwa maana ya kwamba kuna mtu mmoja anayeinunulia chaji. Nje ya hapo ni ya wote. Namba ya mama yangu wanaipiga watu wa nyumba nne. Redio ya mezani inahama na msiba. Laptopu niliyosomea chuoni ilinunuliwa kwa dagaa wa baba mdogo, mchango wa kaka na pesa ya kikoba cha mama. Siku naulizwa hii ni ya nani nitajibu yangu, na nitakuwa nasema kweli, lakini kila mtu nyumbani anajua inadaiwa. Sheria inamtaka mtu mmoja asimame mbele ya meza na kusema: hiki ni changu, nakitumia mimi. Inaeleweka, vinginevyo kila mfanyabiashara angesema zile simu 40 kwenye begi ni zawadi za shemeji zake. Ila kwa marehemu sentensi hiyo haina wa kuitamka, na aya fupi ya Jedwali la Tano imeandikwa kwa ajili hiyo.

Baba mdogo hakusoma sheria yoyote. Alikuja na bahasha ya kaki. Ndani yake kulikuwa na nakala ya cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi na dole gumba, barua ya mtendaji wa kijiji, na kwa sababu zisizohusiana kabisa na safari, risiti za maisha yake yote. Risiti ya baiskeli. Risiti ya bati. Risiti ya redio aliyonunua Musoma mjini mwaka 1996. Watoto tulizoea kumcheka kwa hilo, mpaka nilipokua na kuuliza.

Mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa ziwani mpaka uliofungwa ni habari ya barabarani, mitumbwi iliendelea. Baba mdogo, kijana wa miaka 20 hivi wakati huo, alinunua redio ya bendi tatu kwa mtu aliyekuja nayo usiku kutoka upande wa Muhuru. Dukani hakukuwa na sabuni, sembuse redio. Televisheni ndiyo usiseme: Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, lakini Bara hatukuwa na kituo hata kimoja hadi 1994. Basi redio ile ilikuwa utajiri. Halafu ikaja Machi 1983, vita dhidi ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Ukikutwa na kitu usichoweza kueleza ulikipataje, hata kama ni cha kwako sebuleni, ulikuwa na maelezo ya kutoa. Nchi nzima watu walitupa vitu: vitambaa, vyerehani, majokofu, vingine vikiwa vipya kwenye maboksi. Baba mdogo aliifunga redio kwenye gunia la pamba, akaweka jiwe, akaizamisha kwenye matete karibu na ghuba, akiwa na nia ya kuirudia mambo yakitulia.

Mambo yalitulia. Mwaka uliofuata serikali yenyewe ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Yeye akaenda kuitoa redio yake. Iliwaka siku moja, anasema, ikatoa sauti kama mtu anayesukutua, ikanyamaza. Tangu hapo hanunui hata betri bila risiti.

Mimi namwelewa kaka yangu vizuri zaidi kupitia kisa hicho kuliko kupitia chochote alichowahi kuniambia. Alijifunza ufundi kwa kufungua ile redio. Ilikuwa bado ipo darini, ina mchanga ndani.

Alianzia Mugango, senta, kwenye meza chini ya mwembe, akahamia Musoma mjini. Kilichomfukuza Tanzania kilikuwa tarehe: 16 Juni 2016. Usiku wa siku hiyo TCRA ilizima simu zote bandia. Wiki kadhaa kabla, kila mtu alikuwa akibonyeza *#06# kupata namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 kusubiri hukumu. Kaka alikaa na foleni ya wateja waliotaka simu zao zipimwe, kina mama na kitochi cha Kichina chenye spika mbili na tochi kama taa ya gari, na kazi yake ikawa kuwaambia kwamba mgonjwa atakufa tarehe 16. Baada ya tarehe hiyo wateja wengi hawakuwa na cha kutengeneza, na waliobaki walidhani yeye ndiye aliyezizima. Wakenya walikuwa wameshapitia zoezi kama hilo Septemba 2012, kwa hiyo alisema anakwenda mahali ambapo msiba umeshaanuliwa.

Kondele tulifika saa nne asubuhi. Mwenye nyumba alikuwa ameshachukua televisheni kufidia kodi, na hatukubishana naye. Hesabu yake ilikuwa karibu na sawa. Kilichotuchukua siku mbili ni kile kibanda. Tulipofungua kufuli tulikuta simu 23, kila moja imefungwa mpira na kikaratasi, na daftari la mistari lenye majina ya watu na ugonjwa wa simu. “Haiingizi chaji.” “Maji.” “Kioo, ameacha 500.” “Inajizima ikipigiwa na mtu mmoja tu.” Hiyo ya mwisho aliweka alama ya kuuliza mara tatu.

Mtu mmoja akituona tu, akawaambia wengine. Kufikia mchana kulikuwa na watu wamesimama, wanyonge, wanatoa pole kwanza, halafu wanachelewa kutaja simu zao kana kwamba ni aibu kumdai maiti. Baba mdogo alijiwekea kiti mlangoni na daftari. Kila aliyekuja alitaja jina, akaonyesha kikaratasi au akaeleza simu yake, baba mdogo akatia alama, mtu akaweka sahihi. Waliokuwa wameacha malipo ya awali na simu haijatengenezwa aliwarudishia pesa, kutoka mfukoni mwake. Bibi mmoja alikataa kurudishiwa. Kijana mmoja alichukua simu ya jina la mtu mwingine, akaondoka nayo, akarudi baada ya nusu saa kuirudisha bila kusema kitu. Jioni ya siku ya pili zilibaki simu sita.

Simu hizo sita zilituweka macho usiku. Kwa sura zingeingia begini bila mtu kujua. Fundi wa kibanda cha pili alitushauri tuzibebe, tena akaelekeza namna ya kuzitawanya, mbili mfukoni, mbili kwenye viatu, mbili kwa mzee. Kwa thamani hazikufika popote. Lakini aya ya sheria inasema vitu vilivyokuwa mali ya marehemu, na hizi hazikuwa mali yake. Alikuwa amezishika tu. Ukiivusha simu ya mtu wa Kondele hadi Mugango, hata kwa upendo, umemvukishia mali yake nchi nyingine, na siku akija kuulizia ataambiwa fundi alikufa na simu yako imeenda Tanzania. Baba mdogo aliliweka kwa ufupi zaidi. Alisema, “Hizo hazina risiti yetu.”

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la M-Pesa upande wa pili wa barabara, ambaye kaka alikuwa akimtengenezea simu bure na yeye akimwekea chai. Akasema, “Wacheni hapa kwangu, watakuja tu.” Akazipanga kwenye boksi la viatu pamoja na daftari. Nikampa namba yangu.

Upande wa kaka mwenyewe tulikusanya hivi: laptopu moja ya HP, bawaba moja imekatika, imeshikwa kwa gundi. Spika ndogo. Redio. Pasi ya umeme. Chuma cha kuchomelea, mashine ya kupuliza hewa ya moto, mita ya kupimia umeme, bisibisi zisizo na idadi. Kitochi kimoja. Tecno moja yenye ufa kutoka kona hadi kona, kwa sababu fundi simu hatengenezi simu yake. Na boksi la vioo vipya vya simu 14, bado vina nailoni.

Ile Tecno ilikuwa imefungwa kwa patani, na mtu pekee Kondele aliyekuwa hodari wa kufungua simu zilizofungwa alikuwa ndiye mwenye simu. Yule fundi wa kibanda cha pili alisema ataiflashi kwa dakika kumi, itakuwa kama mpya, tuiuze. Kama mpya maana yake ni kwamba kila kilichomo kimefutika. Mama alikuwa ameniagiza kitu kimoja tu. Yeye anatumia kitochi, hajawahi kutumiwa ujumbe wa sauti na mtu. Alisikia kwa watoto wa jirani kwamba simu za siku hizi zinatunza sauti. Nikasema tutaibeba ilivyo.

Kutoka Kisumu matatu inapita Ahero, Oyugis, Kisii, Rongo, Migori, na kila kituo baba mdogo alikuwa akishuka kuhesabu mabegi. Kwenye ile safari nilimuuliza kama anaogopa. Akasema haogopi, ila mwaka 83 pia hakuogopa.

Sirari na Isebania ni mji mmoja uliopigwa msitari. Siku hizi kuna kituo cha pamoja: maafisa wa nchi mbili wako jengo moja, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kutoka nje, kisha unasogea forodha. Nje, bodaboda na mikokoteni wanaendelea kama vile jengo halipo. Biashara ndogondogo zina utaratibu wao: mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo kwenye orodha na thamani isiyozidi dola 2,000, anapewa cheti cha uasili kilichorahisishwa na havitozwi ushuru wa forodha. Mahindi ya Tarime yanapita hivyo. Kioo cha simu kilichozaliwa China hakipiti hivyo, hata kama kimekaa Kisumu miaka kumi. Kupita Kenya hakukifanyi kuwa Mkenya.

Afisa alikuwa kijana wa umri wa kaka. Akamwamkia baba mdogo.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Mmebeba nini?”

“Tumembeba mtoto wetu,” baba mdogo akasema.

Kijana akainua macho kwangu. Nikamwambia ni vitu vya marehemu kaka yangu, nikaweka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao mezani. Akasema poleni sana. Akasoma muhtasari wote, hadi majina ya wahudhuriaji, jambo ambalo naamini hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifanya. Halafu akatuomba tupange kila kitu mezani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa laptopu. Nilikuwa na hoja yangu kamili: kwenye viwango vya pamoja vya Jumuiya kompyuta haina ushuru wa forodha, kinachobana ni VAT, asilimia 18 kwetu na 16 kwa Wakenya, na hii imetumika na ni ya marehemu. Nilikuwa tayari hata kueleza kwamba simu janja zilisamehewa VAT kwetu kwenye bajeti ya 2021/22 na msamaha ukaondolewa bajeti iliyofuata, ili ajue anaongea na nani. Aliigusa ile bawaba yenye gundi, akaisukuma upande. Hoja yangu ikabaki mdomoni.

Alisimama kwenye vifaa vya kazi. Chuma cha kuchomelea ni kitu binafsi? Alikiuliza kwa sauti, sidhani alikuwa anatuuliza sisi. Sheria inazungumzia vitu binafsi vilivyotumika. Haitaji nyundo wala cherehani. Akakigeuza. Mpini ulikuwa umeyeyuka mahali pa kidole gumba, umechukua umbo lake. Akakiweka na laptopu.

Ndipo akafika kwenye vioo.

“Hivi vimetumika?”

“Bado,” nikasema.

“Alikuwa anauza?”

“Alikuwa anawawekea watu,” baba mdogo akasema.

“Mzee wangu, huko ndiko kuuza.”

Kulikuwa na kimya ambacho ningeweza kukijaza. Maneno yalikuwapo: ni vya kumbukumbu, ni vya familia, wote tuna simu. Baba mdogo akanitangulia. Alisema ndiyo, ni vya biashara, andika. Afisa akakokotoa, akatoa namba ya malipo, nikalipa shilingi 41,600 kwa simu yangu pale pale, na baba mdogo akakataa kuondoka mpaka risiti ichapishwe kwenye karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili. Nilimwona akiikunja na kuiingiza kwenye bahasha, na nikaona kwamba katika safari nzima hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mabega yake kushuka.

Ilibaki Tecno. Nilikuwa nimeiweka kwenye mkoba wangu pamoja na simu yangu, na afisa akauliza mbili hizi zote ni zako. Nikasema hiyo yenye ufa ni ya marehemu.

“Inawaka?”

Hatukuwa tumeiwasha tangu Kisumu. Nikabonyeza. Ilichukua muda wake. Kwenye kioo ikaja picha ya mama, amekaa kwenye jiwe ufukweni, amekunja uso kwa jua, dagaa wametandazwa nyuma yake kwenye nyavu. Kisha simu ikashika mnara. Pale Sirari mitandao ya Kenya bado inafika, laini yake ya Safaricom ilikuwa bado hai, na ujumbe ukaanza kuingia, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukitetemesha meza ya serikali. Ufa ulikata maneno katikati lakini yalisomeka. Fundi uko wapi. Fundi nimepita nimekuta umefunga. Fundi, simu yangu imepona?

“Inasemaje?” baba mdogo akauliza.

“Wanamtafuta.”

Afisa alisema tunaweza kufunga mabegi. Alitusaidia na zipu.

Tulipanda mchomoko hadi Tarime, tukabadilisha gari. Kabla ya Utegi ule mnara ulikuwa umeshapotea, na tulipovuka daraja la Kirumi, mto Mara ukiwa umejaa matete pande zote, betri ikaisha.

Tangu hapo masharti yamesogea, kama kawaida yake. Kuanzia Januari 2025 Kenya iliwataka wanaoingia wataje namba za IMEI za simu zao kwenye fomu ya abiria, na mwaka huohuo Mahakama Kuu yao ikaubatilisha utaratibu huo kwa sababu za faragha. Nilifuatilia kesi ile kama watu wanavyofuatilia mpira. IMEI ya kaka ninayo, nimeinakili kutoka chini ya betri ya kitochi na kutoka kwenye boksi la Tecno, tarakimu 15 kila moja. Sijui ningeitangaza chini ya jina la nani.

Nyumbani kikao kilikaa tena. Ilikuwa kama forodha ya pili, na kali zaidi, maana hapa kila afisa ni shangazi. Hii ya nani? Laptopu ilipewa mtoto wa dada aliye kidato cha tatu, kwa sharti kwamba wenzake wanne wataitumia. Redio ilikwenda kwa mama. Vifaa vya kazi na vioo 14 alipewa kijana wa baba mdogo, aliyekuwa ameshaanza kufungua simu za watu bila kuwaomba. Anakaa na meza senta, na kila kioo anachouza anatakiwa kuleta risiti kwa baba yake. Pasi ya umeme ilileta ugomvi wa saa moja na hadi leo haijulikani iko nyumba gani.

Tecno wakaniachia mimi. Mama aliuliza kama sauti imo. Nikamwambia imo, ila imefungwa. Nilichofanya nilimchezea zile alizonitumia mimi kwenye simu yangu, kuna 61, nyingi ni upuuzi: ananiagiza nimnunulie gundi Mwanza, ananicheka kwa Kiingereza changu, ananiuliza mama amekula. Mama alisikiliza ile ya gundi mara tatu. Akasema, “Anaharaka.” Kisha akauliza kama ile nyingine ikifunguliwa zitakuwapo zaidi. Kila baada ya wiki kadhaa naichaji na kujaribu patani moja au mbili, herufi za majina ya watoto, umbo la ghuba yetu. Nasubiri dakika inazonipa, naweka chini.

Yule mama wa M-Pesa hunitumia ujumbe kila mtu anapokuja. Wa kwanza alikuja Aprili, alikuwa ameenda Mombasa. Wa pili ni yule wa simu inayojizima ikipigiwa na mtu mmoja tu, aliichukua hivyohivyo. Mwezi uliopita niliipokea picha ya ukurasa wa daftari, mstari wa nne umekatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake ameandika zilizosalia: Itel ya bluu, na Nokia isiyo na mfuniko.